Uongo Mmoja wa Madame wa Biolojia

Madame wa biolojia alikuwa akipiga kabla ya kusalimia. Ukichelewa darasani, fimbo ilikufikia kwanza, halafu ndipo ikafuata "Bonjour, mutoto yangu," kwa sauti tamu kabisa, kama mtu anayekukaribisha chai. Fimbo yenyewe ilikuwa ya mkalatusi, mbichi, na aliibadilisha kila Jumatatu, kwa sababu alisema fimbo kavu inavunja mfupa na mbichi inavunja kiburi tu. Mimi nilivunjwa kiburi kuliko mwanafunzi mwingine yeyote wa shule yetu, iliyo juu ya kilima kati ya Bihambwe na Muheto, na bado ninacho kingi. Kwa hiyo kama kuna mtu mwenye haki ya kumwandika Madame, ni mimi na makalio yangu.

Alizaliwa wapi, baba yake nani, sitasema. Hakuna aliyejua, na aliyeuliza alijibiwa kwa kuulizwa kazi ya ini. Nitasema alivyokuwa. Nitasema pia jinsi wanaume wenye bunduki walivyokuja kumuua kwa ajili ya kidonge kidogo kuliko punje ya mahindi, na uongo mmoja alioutoa ili abaki hai. Watu wa kwetu wamegawanyika juu ya uongo huo mpaka leo. Wengine wanasema ulikuwa wa akili, wengine wanasema uliua watu.

Alikuwa mnene juu na mwembamba chini, kama bilinganya iliyosimamishwa kwenye njiti mbili. Baridi ya Masisi ilimtesa, basi alivaa sweta mbili, sketi ya kwenda misani, na bote za mpira za kulimia. Mwendo wake niliuigiza vizuri mpaka wenzangu wakawa wananiomba kila mapumziko. Siku moja niliuigiza akiwa nyuma yangu. Aliniacha nimalize, akanisahihisha: "Bega ya kushoto inashuka zaidi. Rudilia." Nikarudia. Halafu akanipiga.

Kuna mambo aliyoogopa na mambo ambayo hakuyaogopa, na orodha zake zilikuwa zimechanganywa na mtu mlevi. Kwenye barriere ya njiani, pale wanaume wenye silaha wanaponyoosha kamba na kila mpita njia anaacha kitu, Madame alipita kidevu juu akiwauliza kama mama zao wanajua wako hapa. Lakini ng'ombe, katika nchi hii ambayo ng'ombe ni wengi kuliko viti, alimwogopa mpaka kupanda ukingo wa barabara na bote zake. Mchungaji mmoja alimwambia, "Madame, ile iko ndama tu." Akajibu akiwa juu kwenye majani, "Ndama njo ng'ombe yenye bado haijaamua."

Alikuwa wa kwanza kanisani Jumapili, rozari imezungushwa mkononi, na Jumatatu alichora kizazi cha mwanamke ubaoni kikubwa kama ramani ya Kongo. Ukicheka neno "matiti" ulipigwa. Ukinong'ona "uume" ulipigwa, ukalisema tena kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi. Lakini yeye mwenyewe hakuweza kusema neno "mapenzi". Alisema "ile mambo ingine", akitazama dirishani.

Siku ya kwanza ya somo la homoni alinisimamisha.

"Weye. Estrogeni inatengenezwa wapi?"

"Mu ovari, Madame."

"Na mu baba yako?"

Darasa lilianguka kwa kicheko. Mimi ni mtu wa kujibu, hata bila jibu. "Baba yangu hana, Madame. Ana madeni tu."

Nilipigwa moja ya estrogeni na nyingine ya madeni. "Baba yako iko nayo," alisema. "Kidogo, lakini iko. Mwili wake unaitengeneza kutoka homoni yake ya kiume. Bila ile, mifupa yake ingekuwa inavunjika kama bisikwi. Kila mwanaume munamuona na mandefu, na bunduki, na kelele, estrogeni njo inamusimamisha."

Wavulana walinuna wiki nzima.

Jibu la uongo kwake lilikuwa kama mwizi. Ukisema "sijui", alikuacha ukae. Ukidanganya, ukabuni jibu ili upone, hapo ndipo fimbo ilipokesha. "Usijue, nitakufundisha," alisema. "Ukinidanganya mu mwili wa muntu, kesho utaua muntu." Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, kama anayekukumbusha kufunga mlango.

Na watu walikuwa wakiuawa, hilo halikuhitaji mwalimu. Miaka hiyo kilima chetu kilibadilisha wenyewe kama gesti ya njiani. Waliolala kwetu Jumatano walifukuzwa Ijumaa na wengine, na kila waliofika walitukuta na hatia ya kuwapikia waliotangulia. Tulijua bunduki kwa sauti, kama watoto wa mahali pengine wanavyojua magari. Risasi zikianza, tulilala chini ya madawati, na Madame alilala pia, bote zake zikitokeza, na baada ya muda sauti ilisikika kutoka sakafuni: "Tulifika wapi?"

"Ku figo, Madame."

"Endelea. Figo iko na kazi gani?"

Siku moja tukiwa kwenye figo, walimpiga risasi prefe, mkuu wetu wa shule, mlangoni pa ofisi yake, kwa sababu alikataa mabati ya darasa la kwanza yang'olewe. Alianguka na kalamu mfukoni. Walipoondoka na mabati, Madame alitutoa, akatupa maji na majani makavu ya kusugulia. Tuliosha baraza. Damu ilikuwa imeanza kuwa kahawia pembeni, na yeye, akiwa amepiga magoti, alitueleza kwa nini damu hubadilika rangi ikikutana na hewa, neno kwa neno. Kisha alisimama, akaenda nyuma ya choo, tukamsikia akitapika kwa muda mrefu. Aliporudi alisema, "Mwili hauna kabila. Andikeni." Hatukuwa na madaftari. Tuliandika hewani, kila mmoja kwa kidole, hata mimi.

Sasa nije kwenye vidonge.

Dada yangu mkubwa aliolewa na mwanaume aliyekwenda Omate, huko Walikale, kuchimba mawe, akasahau njia ya kurudi. Dada alibaki akilima. Shamba letu lilikuwa ng'ambo ya barriere ya mwisho, na wanawake wakitoka kule hawakusema wamefanyiwa nini. Walisema tu, "Balinisimamisha." Mama mmoja jirani alisimamishwa, akabeba mimba, akafa akijaribu kuitoa kwa mizizi. Baada ya hapo wanawake waliacha aibu. Walikwenda kwenye kituo cha afya, wakapewa plakete za vidonge vya kupanga uzazi, wakawa wanameza kidonge kwanza ndipo wanabeba jembe. Padri alikemea. Madame, rozari mkononi, alimwambia Padri mbele ya watu aende yeye akalime kule.

Dada alimeza bila kuruka siku. Kisha, katikati ya plakete, akatoka damu. Alijua ni mauti. Mama alitaka kumpeleka kwenye maombi, mimi nikampeleka kwa Madame, kwa kuwa ilikuwa karibu zaidi na nilitaka kuona.

Madame alikuwa akichambua maharagwe uani. "Uko nakula nini?"

"Kidonge, Madame. Kila siku."

"Na kingine?"

"Hakuna."

"Muntu haishi na kidonge tu. Kingine."

"Ile vitamini C ya rangi ya machungwa. Nilikuwa na mafua. Lakini ile si dawa, iko bonbo, pipi tu."

"Ulikula ngapi kwa siku?"

"Kama bonbo, Madame. Asubuhi, mu shamba, magaribi. Juzi ikaisha."

Nilicheka. Nikapigwa kwa ganda la maharagwe, maana fimbo ilikuwa shuleni.

Akaweka ungo chini, akamweleza dada taratibu, na nilimsikia akiongea bila hasira kwa mara ya kwanza. Ndani ya ukuta wa utumbo, alisema, kuna barriere. Estrogeni ya kidonge ikifika pale, sehemu yake inapigwa muhuri na kutolewa nje, haiingii katika damu. Vitamini C nayo inatafuta muhuri huohuo. Zikija vitamini chache, hakuna shida. Zikija umati, zinasukumana, muhuri unakwisha, na estrogeni inapita bila kupigwa muhuri, inajaa katika damu kuliko ilivyopangwa. "Mwili yako ukazoea ile wingi," alisema. "Kisha bonbo ikaisha, barriere ikafunga tena, estrogeni ikashuka mara moja. Nyumba ya mtoto ikakosa kishikizo. Ikamwaga. Haukufa, dada. Endelea na kidonge, damu itakauka."

"Njo vitamini iko mubaya?"

"Hapana. Mwili wa mwanamuke unaipenda. Mu ovari, mahali yai limetoka, inajaa kuliko mu damu. Na banamuke benye kumeza kidonge, mara mingi vitamini yao inashuka." Akafikiri. "Iko kama ndoa ingine. Vitamini inamuwekea estrogeni nafasi, na estrogeni inamumaliza vitamini."

Dada akacheka, akiwa na machozi bado. Mimi nikauliza kama ni hakika, kwa kumchokoza tu. Alinigeukia. "Vitabu havipatane. Wengine balipima bakakuta estrogeni inapanda sana, wengine balipima bakakuta kidogo ao bure. Nasema yenye najua, na yenye sijue nasema sijui. Fanya vile na weye." Damu ilikauka. Dada alimpelekea maziwa, akayapokea akiwa mbali, kana kwamba ng'ombe angetokea kwenye chupa.

Ndipo vijana wa dawa walipofika.

Walitoka msituni, wengi wao umri wangu, wamefungwa majani vichwani na hirizi vifuani. Kabla ya vita walinyunyiziwa maji, na maji hayo, kwa imani yao, yaligeuza risasi kuwa matone. Sheria za dawa yao kilima kizima kilizijua, kwa kuwa kuzivunja bila kujua kulikuwa kunaua. Kijana wa dawa haguswi na mwanamke. Hali chakula cha mwanamke aliye mwezini. Hapiti chini ya kamba yenye nguo zetu sisi wanawake. Kikimwingia chochote cha kike, dawa inakufa, risasi inamwona. Na aliyemchafua ni adui kuliko adui. Msichana mmoja wa Muheto alikatwa mkono kwa kumpokea kijana kikombe.

Walivamia kituo cha afya, nesi akakimbia, wakabeba kila kitu. Kati ya walivyobeba kulikuwa na makopo ya vitamini C na katoni ya plakete. Sasa, kwenye kila plakete kulikuwa na picha ya baba, mama na mtoto mnene, wote wanacheka meno nje. Vijana walitazama picha, wakaona afya. Wakasema hizi ni vitamini za familia. Wakagawana. Walimeza hizo kwa kiganja, wakatafuna zile za machungwa, asubuhi na magharibi, majuma kadhaa, wapate nguvu.

Wakaanza kutapika. Kisha vichwa. Kisha vifua vikauma, chini ya chuchu, na kwa baadhi yao vikaanza kuinuka. Kijana mmoja alimwonyesha mwenzake kifua, mwenzake akamwonyesha chake, na hofu ikashika kambi yote.

Komanda wao alianza na mlinzi wa kituo cha afya, mzee asiyejua kusoma. Alimuuliza vidonge ni vya nini. Mzee akasema hajui. Komanda akampiga risasi ya mdomo. Kisha akauliza nani kilimani anajua mambo ya dawa za wazungu, na mtu, sijui nani na sitaki kujua, akaonyesha shule kwa kidole.

Aliingia darasani kwetu mchana, tukiwa kwenye mifupa. Vijana watano au sita nyuma yake, rangi ya majivu. Madame aliweka chaki chini.

"Weye njo muntu ya biolojia?" Alimtupia plakete mezani. "Hii iko nini?"

Mimi nilikaa nyuma, karibu na dirisha lisilo na kioo. Nilimwona akiitazama ile picha ya familia, akiwatazama wale vijana mmoja mmoja, na nikajua ameelewa yote. Angesema ni vitamini, angepona. Sisi wote tulimwomba kimyakimya aseme ni vitamini.

"Dawa ya banamuke," alisema. "Ya kuzuia mimba."

Kijana mmoja alilia kwa sauti. Komanda alikaza macho. "Nani alilisha batu yangu mwanamuke?"

"Hakuna mwenye aliwalisha. Baliiba, bakakula."

Kitako cha bunduki kilimpiga taya. Tulisikia mfupa. Alianguka juu ya ubao, ubao ukaanguka juu yake, na komanda akaelekeza mtutu chini kwenye sweta mbili. Mimi ninayecheka kila kitu, nilikuwa nimeuma mkono wangu mpaka damu. Jirani yangu alijikojolea, na mkojo ulipita chini ya madawati hadi mbele, hakuna aliyeinua mguu.

Madame alikaa. Alitema jino kiganjani, akaliweka mezani kando ya chaki. Kisha akafundisha. Sina neno lingine. Taya limepinda, mate na damu vinashuka kwenye sweta, akafundisha.

"Estrogeni iko ndani yako weye mwenyewe," alimwambia komanda. Maneno yalitoka yamevimba. "Tangu ulizaliwa. Iko mu damu yako sasa hivi. Njo inashikilia mifupa yako. Kama ile inaua dawa, dawa yako ilikufa zamani, na weye uko hapa umesimama. Ulipigwa risasi mara ngapi?"

"Mingi."

"Zilikukamata?"

Nilimwona komanda akihesabu vita vyake. Bunduki ilishuka kiganja kimoja. "Sasa hii ya vidonge?"

"Imezidi. Acha vidonge, itatoka. Na vitamini acheni pia, juu hiyo inaziba njia ya kutokea. Vifua vitashuka. Matapiko itaisha."

"Na dawa yetu?"

Hapo aliichukua chaki, akairudisha mezani.

Mawazo yake juu ya dawa yao tuliyajua. Alikuwa ametuambia mara nyingi, na milango imefungwa, kwamba risasi haiulizi umekula nini. Mtutu ulikuwa umeinuka tena. Alitutazama. Alitutazama kwa zamu, safu kwa safu, mpaka nyuma kwangu, kama anayechagua wa kumsimamisha. Sijui alikuwa anatafuta nini kwetu. Nafikiri alikuwa anatuona tumekufa.

"Iko nzima," alisema.

Komanda alipumua. Vijana nyuma yake walishikana mabega. Mmoja wao alisema, "Merci, Madame," kwa adabu kabisa, kama mwanafunzi.

Wakaenda. Waliacha vidonge, wakaacha vitamini, na baada ya majuma machache walikuwa wazima. Walimletea Madame mbuzi wa shukrani. Alimfunga kwenye uzio wa shule na hakumgusa. Taya lake lilifungwa kwa kitambaa, akawa anafundisha kwa kuandika, na fimbo ilishika vumbi. Nilimwigizia mwendo mbele yake makusudi, akanipungia mkono niendelee.

Kisha vijana wa dawa wakashuka Bihambwe kupigana na waliokuwa na bunduki kubwa. Walishuka mchana, barabarani, wakiimba, bila kujificha, maana walikuwa wazima. Tuliwasikia wakipita chini ya shule. Baada ya hapo tukasikia ile bunduki inayopiga bila kuvuta pumzi. Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Vita viliposogea, Madame alishuka, na mimi nikamfuata pamoja na wanawake waliokwenda kutafuta watoto wao. Njiani kulikuwa na kundi la ng'ombe waliokimbia, limejaa barabara nzima, na baadhi walikuwa wamejeruhiwa na wanarusha pembe. Madame alipita katikati yao kama anayepita katikati ya nguo zilizoanikwa. Sidhani aliwaona.

Walikuwa wamelala mfululizo kwenye mtaro na barabarani, jinsi walivyokuwa wamepangana. Wengine hawakuwa na nyuso. Mmoja alikuwa ameshika tumbo lake lote mikononi, amelikumbatia kama mzigo wa kuni. Komanda alikuwa mbele kabisa, amekatika. Aliyesema "Merci, Madame" nilimtambua kwa masikio. Shati lilikuwa limepasuka, na vile vifua vyao vilivyoinuka havikuwa vimeshuka vyote. Wawili watatu walikuwa bado na vifua vya msichana wa darasa la sita. Madame alivua sweta ya juu akamfunika mmoja, akavua ya pili akamfunika mwingine. Kisha nguo zikamwishia, na baridi ikamkuta na blauzi.

Mama mmoja, amempakata mwanawe, alimwambia, "Weye njo ulisema dawa iko nzima." Hakupaza sauti. Madame akasema, "Njo mimi." Yule mama akaokota jiwe, akampiga nalo kifuani, na Madame akabaki amesimama, akingoja kama kuna lingine.

Asubuhi yake nyumba yake ilikuwa wazi, hayumo, na mbuzi alikuwa ameshafunguliwa.

Watu walimzungumza. Kwenye duka la mfanyabiashara wa Butembo, pale tunaponunua chumvi, kesi yake iliendeshwa kila siku bila yeye. Mwenye duka, Mkatoliki mwenye mizani na hukumu, alisema aliokoa darasa zima. Mamangu alisema kweli, ila wale wa barabarani walikuwa darasa la nani. Mimi nilitania, kama kawaida, kwamba ndiyo mara pekee Madame alimpa mtu jibu la kunakili. Hakuna aliyecheka, na mimi ndiye niliyelishwa utani wangu usiku kucha.

Nilimwona tena mwaka huu, likizo. Dada aliamua kumfuata mumewe Omate, akanichukua nikamsaidie kutukana. Mume tulimpata ana mke mwingine na mguu mmoja, mwingine ulibaki chini ya udongo. Dada aliangalia mke, akaangalia mguu, akasema, "Baki naye," na matusi yote niliyoandaa yakaniozea mdomoni.

Tukiwa tunatafuta gari la kurudi, niliuona ule mwendo. Bega la kushoto limeshuka. Alikuwa anatoka kwenye hema la plastiki lililojaa watoto wa wachimbaji, mikono mitupu, hana fimbo. Uso wake ulikuwa umepinda pande zote mbili sasa. Upande niliouacha umepona vibaya, na upande wa pili ulikuwa umevimba, wa juzijuzi.

"Bonjour, Madame," nilisema. "Walikusawazisha."

Alicheka kwa jicho, mdomo ulikataa. Tulikaa kwenye gogo mbele ya nyumba yake ya mbao. Dada alimshika mkono hakuuachia.

"Ya kwanza nilikuwapo," nilisema. "Hii nani?"

"Kijana moja wa hapa. Yeye na wenzake balikuwa banaenda kupigana, akakuja kunitafuta. Alisikia kama kuna Madame alisemaka dawa iko nzima. Akataka nimuambie na yeye."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimuambia haiko. Nikamuambia haikukuwa hata siku moja, na ile siku nilidanganya, na vile balilala mu barabara, moja moja, vile nilibakuta. Matumbo, sura, yote." Alifuta mate. "Akanipiga. Alinipiga na ngumi mpaka mukono yake ikavimba. Wenzake bakamuita, bakamuita, yeye iko ananipiga tu. Bakachoka kungoja, bakaenda."

"Walirudi?"

Alitazama kilima cha machimbo. "Hapana."

Mlango nyuma yetu ulifunguka. Alitoka kijana mrefu, hirizi bado shingoni, kitambaa kimefungwa kwenye vifundo vya mkono wa kulia. Alitusalimia, "Karibuni, ba dada," akitazama chini. Mkononi alikuwa na sahani ya papai bivu, amelisagasaga kwa uma mpaka limekuwa uji, maana Madame hana tena kitu cha kutafunia. Alichuchumaa mbele yake, akajaza kijiko, akangoja.

Madame akafungua mdomo, upande ule uliokuwa unafunguka.